Deki au kompyuta? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za DVD na CD za nyumbani

Kazi yangu ni kuhamisha video za zamani za familia. Harusi, ubarikio, maulidi, mahafali, arobaini. Meza yangu ina deki mbili, kompyuta yenye draivu mbili za DVD na TV moja ya kichogo ambayo sitaki kuitupa. Mtu akifika na mfuko wa diski, kabla hajakaa ameshauliza: "Mbona kwenye deki picha ilikuwa nzuri, kwenye kompyuta imeharibika?" Mwingine anauliza kinyume chake. Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo muda mrefu, sasa nayaandika.

DVD ileile ina picha nzuri zaidi kwenye deki au kwenye kompyuta?

Kilichoandikwa kwenye diski ni tarakimu tupu. Pamoja na tarakimu za picha, DVD imeandikwa nyingine za akiba ambazo mashine huzitumia kukokotoa upya kipande kilichofichwa na mkwaruzo mdogo au vumbi. Hivyo draivu ya bei rahisi na deki ya bei mbaya, zikifanikiwa kuisoma diski, zinatoa kitu kimoja, herufi kwa herufi. Hakuna draivu yenye "picha kali". Anayekuuzia kwa maneno hayo, mwache aendelee na safari yake.

Tofauti unayoiona ni ya kweli, ila inaingia baada ya kusoma: katika kuifumbua video iliyobanwa, katika kuunganisha mistari ya picha, katika waya na katika kioo chenyewe. Deki ilitengenezwa ifanye kazi hizo kwa ajili ya TV na kwa namna moja tu, iliyopangwa kiwandani. Kompyuta inazifanya kadiri programu ilivyoagizwa, na mara nyingi haijaagizwa vizuri. Ndiyo maana mtu anayefungua DVD kwenye kompyuta bila kugusa chochote huishia kuisifu deki, na mtu aliyeipanga kompyuta yake hairudii deki tena.

Watu wakicheza ngoma naona mistari kama meno ya kitana. Diski imeharibika?

Haijaharibika. Nina DVD ya harusi ya shangazi yangu. Kina mama wanaingia ukumbini na sare zao za kanga, aliye mbele ameshika leso nyeupe anaizungusha juu ya kichwa. Simamisha picha hapo kwenye kompyuta: leso ziko mbili, moja kidogo kushoto kwa nyingine, zote zimechanwa vipande vyembamba vya ulalo, na mkono wake una meno kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Nyuma yake babu amekaa kwenye kiti, hatikisiki, na uso wake ni safi kabisa. Kinachoharibika ni kile tu kinachotembea.

Sababu ni hii. Kamera za wakati ule, kwa mfumo wa PAL tunaotumia huku kwetu, hazikupiga picha nzima. Zilipiga nusu picha 50 kila sekunde: kwanza mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, kisha moja ya hamsini ya sekunde baadaye mistari ya 2, 4, 6. TV ya kichogo ilichora kwa mtindo huohuo, nusu baada ya nusu, jicho likaona mwendo laini. Kioo bapa kinachora mistari yote kwa mpigo mmoja. Ukizibandika nusu mbili pamoja bila akili, leso imeshahama kati ya ya kwanza na ya pili, na hapo ndipo kitana kinapozaliwa.

Deki inayotumia waya wa njano inazipeleka nusu hizo kama zilivyo na TV inajua la kufanya. Kompyuta inategemea programu. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza herufi D wakati video inacheza, mistari itaondoka. Kisha ingia kwenye menyu ya Video na uchague aina ya kuunganisha mistari iitwayo Yadif (2x). Usiridhike na ile ya kwanza utakayoikuta. Aina nyingi zinakupa picha 25 kwa sekunde, yaani nusu ya mwendo uliorekodiwa inatupwa. Yadif (2x) inarudisha zote 50, na ghafla kina mama wale wanacheza kama walivyocheza siku ile. Iitwayo Blend iepuke. Inazichanganya nusu mbili, na kila mkono unaotembea unapata kivuli.

Nimeona watu wakitupa diski nzima wakidhani zimeoza, kumbe ni herufi moja kwenye kibodi.

Nimefanya hivyo, lakini kamera ikizunguka ukumbi picha bado inashtuka-shtuka.

Kioo cha kompyuta kwa kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na video yako ina mipigo 50. Hamsini haiingii sawasawa ndani ya sitini, kwa hiyo baadhi ya picha hukaa kiooni muda mrefu kuliko wenzake. Deki na TV zinaongea lugha moja ya 50, na hapa deki inashinda bila ubishi. Ukiunganisha kompyuta na TV kwa HDMI, nenda kwenye mipangilio ya kioo uchague 50. TV nyingi zinakubali.

Waya ninaotumia una umuhimu gani?

Mkubwa kuliko deki yenyewe. Waya mmoja wa njano umebeba mwanga na rangi zimefungwa pamoja, na TV inalazimika kuzitenganisha tena. Haifaulu kabisa. Tazama ukingo wa gauni jekundu: utaona vinukta vinavyotambaa kama sisimizi. Shati la mistari myembamba linawakawaka rangi ambazo halina.

Kama deki yako ina matundu matatu ya picha, kijani, buluu na jekundu, yatumie hayo, ila angalia usichanganye jekundu la picha na jekundu la sauti. Watu wengi wamepoteza jioni nzima hapo. HDMI ni bora zaidi kwa sababu tarakimu zinafika kwenye TV zikiwa bado tarakimu. Kompyuta inatumia HDMI karibu siku zote, na mara nyingi sifa anayopewa mtu kwamba "kompyuta yake inaonyesha vizuri kuliko deki" ni sifa ya waya.

Deki yangu imeandikwa 1080p. DVD ya harusi itakuwa HD?

Haitakuwa. Picha ya DVD ya PAL ina pikseli 720 kwa 576, jumla 414,720. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina 2,073,600, mara tano kamili. Cha 4K kina mara 20. Kwa hiyo kwenye TV ya 4K, kati ya kila nukta 20 unazoziona, moja imetoka ukumbini na 19 zimebuniwa na mashine kwa kuangalia majirani zake. Kubuni huko kuna kulikofanywa vizuri na kuna kwa ovyo, na hapo ndipo deki nzuri, kompyuta nzuri na TV nzuri zinapopishana.

Jaribio ni rahisi. Panga deki itoe 576 kwa HDMI, tazama dakika mbili za nyuso za watu, kisha ipange itoe 1080, tazama dakika zilezile. Kwenye TV za siku hizi mara nyingi naona TV inakuza vizuri kuliko deki ya bei ndogo. Pia sogeza kiti nyuma. Nasema hili kwa moyo wote: hatua mbili nyuma zinaisaidia DVD ya zamani kuliko deki mpya.

Kwenye kompyuta suti nyeusi ya bwana harusi imekuwa ya kijivu.

Kwenye video, nyeusi imeandikwa kwa namba 16 na nyeupe kwa 235. Kompyuta inahesabu kuanzia 0 hadi 255. Mmoja akisahau kutafsiri kwa mwenzake, nyeusi inapauka. Wakitafsiri mara mbili, suti inameza vifungo na mikunjo yake yote na unabaki na doa jeusi lenye kichwa. Tafuta kwenye mipangilio ya kadi ya picha, au ya TV kwenye tundu lile la HDMI, sehemu inayouliza kiwango cha rangi, na uhakikishe pande zote mbili zimechagua kitu kimoja.

Bibi harusi amenenepa ghafla.

Umbo limenyooshwa. Video ya nne kwa tatu imelazimishwa kujaza kioo cha 16 kwa 9. Kwenye VLC bonyeza A hadi nyuso zikae sawa. Kwenye deki tafuta mpangilio wa umbo la TV. Kubali mapande meusi pembeni, ni haki yake.

Nina DVD moja yenye sherehe nzima, muda wa saa nne. Mbona ina miraba-miraba kila mahali, deki na kompyuta sawasawa?

Hapa hakuna mashine ya kulaumu, na ndiyo habari inayoniuma zaidi kuwapa watu.

DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7 (kompyuta itakuandikia 4.38 kwa sababu inahesabu kwa namna yake). Gawanya hizo kwa muda wa saa mbili: unapata kama megabiti 5 kwa kila sekunde, sauti ikiwemo. Hiyo inatosha kwa picha nzuri. Gawanya kwa saa nne: kama 2.6. Kwa saa sita: 1.7 tu. Kiwango cha juu ambacho DVD inaruhusu kwa picha ni 9.8. Sasa fikiria ukumbi wa harusi, taa za rangi zinazunguka, maua ya karatasi yanamwagika, watu mia wanaserebuka. Hiyo ndiyo picha ngumu kuliko zote kubana, na ndiyo iliyopewa tarakimu chache. Kifaa kinachobana kikizidiwa kinaacha vipande vidogo, na ndiyo miraba unayoiona.

Kanda ya MiniDV iliyokuwa ndani ya kamera ilirekodi picha kwa megabiti 25 kila sekunde. Saa moja yake inachukua gigabaiti 13 hivi. Kati ya kanda ile na DVD yako ya saa nne, sehemu kubwa sana imetupwa, na iliyotupwa hairudi kwa deki wala kwa programu. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila mteja ni: kanda ziko wapi? Mtafute aliyerekodi. Wengine bado wanazo kwenye boksi. Aliyerekodi harusi yetu alitumia kanda zetu kwa harusi ya wiki iliyofuata, nami niligundua nilipomfuata baada ya miaka sita. Tangu siku hiyo kila ninayemjua akioa namwambia: siku ya kulipa salio, ondoka na kanda, au siku hizi na faili za kamera zenyewe.

Na CD za video je, zile za kabla ya DVD?

VCD ina pikseli 352 kwa 288, robo ya DVD hivi, na inabanwa kwa megabiti 1.15 tu kwa sekunde. Kwenye TV ya kichogo ya inchi 21 ilikuwa inapendeza, na bado inapendeza. Ndiyo maana ile ya kwangu iko mezani. Kwenye kioo cha inchi 50 nyuso zinakuwa kama zimechorwa kwa brashi. Kompyuta inaweza kulainisha kidogo, basi.

Lakini VCD ina siri moja mbaya inayohusu usomaji. Ili dakika 74 zitoshe kwenye CD, sehemu ya picha iliondolewa tabaka moja la ile akiba ya kusahihisha makosa. Deki ikikutana na kosa inalipita, unaona mraba kidogo na ngoma inaendelea. Kompyuta ukiiambia inakili faili la DAT lililomo kwenye folda ya MPEGAV inakutana na kosa lilelile na kugoma, inakuandikia kwamba haiwezi kusoma. VCD iliyokwaruzwa, kwa kuitazama tu, ipe deki.

DVD iliyokwaruzwa niiweke wapi?

Kwa kutazama, deki, kwa sababu ileile: imezoea kuruka shimo na kuendelea. Kwa kuokoa, kompyuta. Deki lazima iende na wakati, haina nafasi ya kurudi nyuma. Draivu ya kompyuta inaweza kulisoma eneo lilelile mara kumi, ishirini, kwa mwendo wa polepole, na mara nyingine ya kumi na moja inafanikiwa. Wanaotumia Linux wana programu ya ddrescue, inayochukua kwanza maeneo mazima kisha kurudia magumu. Nina draivu mbili za kampuni tofauti kwa sababu hiyo tu. Eneo lililoishinda ya kwanza, ya pili wakati mwingine inalisoma.

Kabla ya yote, ioshe. Maji, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na ufute kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe: mkwaruzo unaofuata njia ya data unakula mengi mfululizo, unaoikata njia unakula kidogo na akiba inafidia. Na msigandishe karatasi za majina juu ya DVD. Joto linazivuta, diski inapinda kidogo, na kwenye mzunguko inayumba.

Deki inasoma CD za nyimbo vizuri, DVD inakataa. Jicho limechoka?

Yawezekana limechoka nusu. CD inasomwa kwa mwanga wa nanomita 780, DVD kwa 650, na ndani ya jicho la deki hiyo ni mianga miwili. Mmoja unaweza kufa, mwingine ukabaki. Jaribu kwanza DVD nyingine, hasa ya kiwandani, maana DVD zilizochomwa nyumbani, na zaidi zile za kufuta na kuandika upya, zinarudisha mwanga hafifu na jicho lililochoka linaanza kuzikataa hizo. Fundi akikwambia aongeze nguvu ya mwanga kwa kugeuza skrubu, ujue utapata miezi, si miaka.

Nimemtumia dada yangu aliye Marekani DVD ya harusi, anasema haionyeshi.

DVD yako ni PAL. Marekani wanatumia NTSC, na deki nyingi za kule hazijui PAL. Kinyume chake ni nadra kusumbua, deki za huku kwa kawaida zinaonyesha NTSC. Mwambie aiweke kwenye kompyuta, kompyuta haijali.

Hilo si jambo moja na namba za maeneo ya dunia. Diski za filamu zinafungiwa eneo: Tanzania na Kenya ni namba 5, Ulaya Magharibi na Oman ni 2, Marekani ni 1. Diski ya harusi haina kufuli hilo. Lakini ukiwa na filamu halali ulizoletewa kutoka London, kumbuka draivu ya kompyuta inakuruhusu kubadili eneo mara tano tu, na ya tano ndiyo ya kudumu. Usibonyeze kwa haraka.

Ninunue ipi?

Kama unataka wazazi watazame sebuleni bila kuita mtu, deki yenye HDMI na rimoti yenye vitufe vikubwa. Kwa mengine yote, draivu ya nje ya USB. Kompyuta mpya nyingi hazina trei, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 Windows haichezi DVD yenyewe, kwa hiyo weka VLC, ni bure. Draivu ikilialia na kuzimika inapoanza kuzunguka, mara nyingi haipati umeme wa kutosha. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na uepuke kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake.

Nikihamishia kwenye flashi nitapoteza ubora?

Inategemea unahamishaje. Ukinakili folda ya VIDEO_TS nzima, hupotezi hata nukta. Ni tarakimu zilezile. Shida yake ni kwamba video imekatwa vipande vya gigabaiti moja moja na TV nyingi hazijui kuviunga. Programu ya MakeMKV inaviunga kuwa faili moja bila kuigusa picha, na kwa DVD haikutozi kitu. Hilo ndilo ninalowapa watu kama nakala kuu.

Kwa TV isiyokubali faili hilo, tengeneza MP4 kwa programu ya HandBrake, ubora kati ya 18 na 20 (namba ndogo ndiyo nzuri zaidi), picha ibaki na ukubwa wake wa asili, mistari iunganishwe kwa picha 50. Usikuze hadi 1080. Unaongeza uzito wa faili tu, kazi hiyo TV itaifanya. Na MP4 hiyo isiwe nakala yako pekee, kwa kuwa mistari ikishaunganishwa haitenganishwi tena, na programu za kuunganisha zinazidi kuwa nzuri kila mwaka. Flashi ikiwa ya FAT32 haitapokea faili linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo ifomati kwa exFAT kwanza, kisha uhakikishe TV yako inaisoma kabla ya kuita familia.

Anza na DVD zilizochomwa, za kiwandani zinaweza kusubiri. Zile zilizochomwa zina rangi maalumu inayobeba data, na joto na jua vinaidhoofisha. Zishike kwa ukingo, ziinue kwenye mwanga, na ile yenye madoa au yenye ukingo uliopauka iingie kwenye draivu leo.